Kikombe cha Utomvu wa Njano

Ukitaka kumpata Dobi usiulize nyumba namba ngapi, fuata harufu ya wanga na nguo zinazotoa mvuke. Chumba chake cha kazi kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, na kina dirisha moja tu linalotazama uani. Amesimama humo miaka ishirini na sita, mzigo wa mwili leo kwenye mguu huu, kesho kwenye ule. Mikono yake, kuanzia vifundoni hadi karibu na kiwiko, imejaa alama za pasi, na kila alama anaijua ilikotoka: hii ni ya gauni la bibi harusi aliyeamka amechelewa, hii ni ya siku umeme uliporudi ghafla naye amesahau kuchomoa waya. Dobi asiyewahi kuungua, hupenda kusema, huyo alikuwa anatazama tu.

Dawa yake iko hapo hapo nje ya dirisha: mshubiri, umepandwa kwenye makopo sita ya rangi yaliyotobolewa chini. Vijana wa jengo wanauita alovera kwa sababu wameuona kwenye chupa za shampuu, lakini mama yake, ambaye naye alikuwa dobi, aliuita mshubiri na basi, jina likabaki. Akiungua, Dobi kwanza hutia mkono kwenye maji ya bomba mpaka uchoke. Kisha hukata jani la chini lililonenepa, hulisimamisha ndani ya kikombe, upande uliokatwa ukiwa chini, akarudi kwenye kazi. Jani hutoa utomvu wa njano wenye harufu inayokera. Likimaliza kuchuruzika analiosha, analimenya, na ule ute wa ndani, mwangavu kama maji, ndio anaopaka. Utomvu wa njano haupakwi, unawasha. Siku hizi anaumwaga chooni na kikombe anakisugua mpaka anakaribia kukitoboa. Zamani haukuwa ukimwagwa.

Majirani wanajua habari za mshubiri huo, na wanagonga dirisha saa yoyote ya kazi. Mtu karukiwa na mafuta ya kukaangia, mtu kashika bomba la pikipiki. Dobi hampi mtu jani kabla ya kumhoji.

"Jeraha limetoa malengelenge makubwa? Basi nenda hospitali, mimi si daktari. Umewahi kupaka? Hujawahi? Paka kidogo hapa nyuma ya mkono, tungoje tuone ngozi yako itasema nini. Ni kwa ajili ya mtoto? Mtoto mwenyewe yuko wapi, mbona sijamwona?"

"Ah, Dobi, umekuwa polisi?"

"Nimekuwa."

Hao ndio wenye bahati, kwa sababu wanataka kupaka. Anayetaka kunywa hapati hata mwiba. Aje na tumbo lililofunga siku nne, aje analia, Dobi atamwambia ale papai, anywe maji, atembee, na akizidiwa aende zahanati. Wapo wazee wa jengo wanaokumbuka kwamba mama yake alikuwa akikausha ule utomvu mpaka unakuwa mweusi, akiwagawia watu wenye choo kigumu vipande vidogo kama punje. "Mbona marehemu mama yako alikuwa anatoa?" Hapo dirisha hufungwa. Watu wakasema Dobi ana choyo, ati anaringia jani linaloota lenyewe. Hawakujua, na yeye hakuwaambia, kwamba kila aliposikia neno kunywa alikuwa anamwona mdogo wake amesimama mlangoni, ana miaka ishirini na minne, ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja.

Mdogo wake huyo wanamwita Chiriku tangu utotoni, kwa sababu ya mdomo. Anaongea akila, anaongea akisuka, na akikosa mtu anaongea na sufuria. Miaka kumi na saba iliyopita alikuwa na miezi mitano tu ya ndoa, na Alhamisi moja alishuka chumbani kwa dada yake akiwa amenyamaza. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia, akasema harufu ya wanga inamchefua. Tumbo limefunga siku ya tano, dada, nifanyeje? Asubuhi hiyo Dobi alikuwa ameungua, na kikombe kilikuwa bado dirishani na utomvu wake ndani. Kipande cha mama hakikuwepo, mama alikuwa ameshafariki na vipande vyake vilikwisha. Dobi akaona hata hivi utafaa. Akapima vijiko viwili, akavichanganya na maji na sukari.

"Fumba macho unywe mara moja."

Chiriku akanywa, akakunja uso wote. "Mungu wangu! Dada, unataka kuniua?"

Wakacheka. Hicho kicheko Dobi hajakisahau, maana alicheka kwa sauti kubwa kuliko mdogo wake.

Dawa ilifanya kazi siku ile ile, na ikapitiliza. Chiriku alikwenda chooni usiku kucha. Siku ya pili bomba la jengo lilikauka, naye akapanda ngazi na ndoo ya maji kichwani hadi ghorofa ya tatu. Siku ya tatu akatoka damu. Hapo ndipo watu walipojua kwamba alikuwa na mimba ya wiki kumi na moja, na wakajua wakati huo huo kwamba hana tena. Mama mkwe wake alisimama katikati ya chumba, akauliza ni mwanamke gani mwenye akili timamu anabeba ndoo na hali ile. Mume, seremala mpole asiyejua kugombana, akatazama chini. Chiriku akasema ni kweli, ni ile ndoo, nisameheni. Dobi alikuwa ameketi kitandani kando yake, amemshika mkono. Maneno yalimfika mdomoni. Akayameza, na lawama yote ikabaki kwa ndoo.

Angeweza kujitetea kwamba hakujua. Lakini hapo ndipo penye mwiba wenyewe. Dobi alikuwa ameshazaa mara mbili. Aliona uso wa mdogo wake umejaa kidogo, aliona anavyokwepa harufu ya wanga aliyokua nayo tangu utotoni, akahisi. Ila kwao mwanamke aliyeolewa juzi haulizwi habari za tumbo, anangojwa aseme mwenyewe, na anayeuliza anaonekana hana haya. Basi Dobi, kwa adabu zake, hakuuliza. Aliona aibu ya swali moja. Mwezi mmoja baadaye alijifanya anamuulizia jirani, akamwendea mwuza duka la dawa. Akaambiwa utomvu ule wa njano huharisha kwa nguvu na huweza kukaza tumbo la uzazi, mjamzito asiuguse, wala anayenyonyesha, wala mtoto, wala mwenye figo mbovu. Alirudi kazini akapiga pasi mashuka kumi na mawili bila kukumbuka hata moja.

Tangu hapo yule mtoto hakuondoka. Usidhani alikuja na uso au sauti, Dobi angalau angepata wa kumkemea. Alikuja na vipimo. Shule zikikaribia kufunguliwa, sare za watoto wa mtaa mzima zinaletwa kwa Dobi kwa marundo, na kila mwaka mkono wake ulikuwa ukisimama juu ya shati moja. Halikuwa na tofauti na mengine, ila mkono ulijua: hili lingemtosha. Mwanzo lilikuwa shati la chekechea lenye vifungo vikubwa. Mwaka uliofuata mabega yamepanuka. Halafu kaptura, halafu suruali, halafu suruali iliyoshushwa pindo mara mbili kwa sababu mwenyewe anarefuka kama aliyetumwa. Nguo hiyo aliipiga pasi mwisho, polepole, na mwenyewe alipokuja kuichukua Dobi alijikuta ameikumbatia. Mama mmoja alilivuta shati la mwanawe mikononi mwake kwa nguvu kidogo, akaondoka anageuka nyuma.

Na kuna mlango. Akiinamia meza, hasa saa nne asubuhi jua likiwa limeingia uani, alihisi mtu ameegemea fremu ya mlango nyuma yake, akizidi uzito kidogo kidogo kadiri miaka ilivyokwenda. Akigeuka hakuna mtu, ni mvuke tu. Siku moja alisema kwa sauti, bila kugeuka, "Ngoja nimalize hii," na mteja aliyekuwa dirishani akamuuliza anaongea na nani. Akasema anaongea na pasi. Watu wakacheka, wakasema uchiriku ni wa ukoo mzima. Yeye hakucheka.

Chiriku hakupata mtoto mwingine. Mwaka ukapita, mitano, kumi. Mama mkwe akafariki akiwa na kinyongo chake. Seremala hakumwacha mkewe, ila tangu siku ile hakumruhusu kubeba maji, naye Chiriku kila alipomwona mumewe akipanda ngazi na ndoo alikuwa ananyamaza, na kunyamaza kwa Chiriku si jambo dogo.

Sasa, mwaka huu, Ijumaa moja saa nne asubuhi, Dobi alihisi mtu mlangoni. Hakugeuka. Amezoea.

"Dada, hata karibu hunipi?"

Roho ikamruka. Alikuwa Chiriku mwenyewe, ana miaka arobaini na mmoja, amenona mashavu, macho yanang'aa. Akaingia, akatoa nguo kwenye kiti, akaketi, na maneno yakamtoka kama kawaida yake, bei za vitu, jirani wa juu na redio yake, fundi aliyefunga mlango kichwa chini, kisha katikati ya sentensi akayakatiza.

"Dada, nina miezi mitatu."

Dobi akaiweka pasi. Akaishika tena. "Miezi mitatu ya nini?"

"Ya kukopa! Dada, we nawe! Nina mimba. Nimepima mara mbili, kadi ya kliniki naanza Jumatatu. Shemeji yako hata kijiko hataki nikiinue, ananifuata chooni kama nitatoroka."

Dobi alimkumbatia mdogo wake, akalia, na machozi yale yalikuwa ya furaha ya kweli, asije mtu akasema vingine. Lakini Chiriku hakuwa amemaliza.

"Ila sasa hili tumbo, dada. Limefunga wiki nzima, nimekuwa ngoma. Nipe ile dawa ya mwaka ule, ya kwenye kikombe. Ilinifungua siku ile ile."

Dobi akarudi mezani, akaishika pasi. Neno lilikuwa moja tu, na la kweli: mjamzito hanywi. Mtu yeyote angelisema, hata mtoto angelisema. Lakini Chiriku si mjinga. Ukimwambia mjamzito hanywi, atahesabu. Ataanzia hapo arudi nyuma hadi Alhamisi ile, na akifika huko hatakuwa na dada.

"Haipo," Dobi alisema. "Mishubiri imeugua."

Chiriku akatoa kichwa dirishani. "Ugonjwa gani huu wa kunenepesha? Tazama majani yalivyo, mtu atasema unayalisha nyama."

"Imeingiwa na wadudu kwa ndani."

"Basi nitanunua. Yule mwuza dawa za majani pale sokoni anayo kwenye chupa, anasema inatibu kila kitu kasoro kifo. Nipitie sasa hivi kabla jua halijawa kali." Akasimama, akajifunga khanga vizuri, akaelekea mlangoni.

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa chumbani. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati jeupe la mteja, na Dobi alikuwa ameishika kabisa, anaitazama, mkono haunyanyuki. Ilikuwa miaka mingi hajaunguza nguo ya mtu.

"Dada! Shati!"

"Usinywe," Dobi alisema.

"Nyanyua pasi!"

Akainyanyua. "Usiinywe, Chiriku. Wala ya chupa, wala ya mtu yeyote. Inaweza kutoa mimba."

Chiriku alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha bila kufika popote. Alisimama pale pale mlangoni. Vidole vyake vilikuwa vimeshika fremu.

"Umejua lini?"

"Mwezi mmoja baada ya."

"Baada ya nini? Malizia."

"Baada ya wako."

Chiriku akauachia mlango. Akakaa juu ya tenga la nguo zilizokwisha pigwa pasi, nguo za watu, zikakunjamana zote. Nje mtu alifungua bomba, maji yakamwagika, bomba likafungwa.

"Mama mkwe amekufa hajanisamehe ile ndoo," alisema.

"Najua."

"Ulikuwepo nilipokuwa ninaomba msamaha."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa umenishika mkono. Huu hapa." Akauinua mkono wa kushoto, akautazama kama si wake. Kisha akauliza lile swali ambalo Dobi alikuwa ameliogopa miaka kumi na saba. "Ulijua nina mimba?"

Uongo ulikuwa karibu sana, umeiva, ni wa kuchuma tu. Sikujua, mdogo wangu, ningejuaje? Hakuna binadamu ambaye angeupinga.

"Nilihisi," Dobi alisema. "Nikaona haya kukuuliza."

Chiriku akatikisa kichwa mara kadhaa, polepole. Hakupiga kelele, hakutukana. Alipoinuka alizinyoosha nguo za tenga kwa viganja, moja moja, kama mgeni aliyekalia kitanda cha watu.

"Jumatatu saa mbili nina kliniki. Utakuja. Watauliza mimba ya kwanza ilitokaje. Kila mahali nilipokwenda kutafuta mtoto huwa wanauliza hilo, na mimi nasema nilibeba ndoo. Safari hii utajibu wewe. Mimi nimechoka kujibu."

Hakusema dada. Akapanda ngazi, na Dobi akazihesabu hatua zake zote hadi juu.

Jumamosi na Jumapili Dobi alifanya kazi mlango ukiwa wazi. Hakuja mtu kuegemea fremu. Saa nne ilifika, ikapita, mgongo wake ukiwa baridi mtupu, hakuna uzito wowote nyuma yake. Miaka yote alikuwa ameomba aondokewe, na sasa ameondokewa alishikwa na hofu kubwa kuliko ile ya kwanza, maana ilikuwa kama yule mtoto naye amekwenda kungoja Jumatatu.

Kliniki ilikuwa na mabenchi marefu na feni moja inayolalamika. Chiriku alikaa mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na dada yake, na mtu mwingine alipotaka kukaa hapo akamwambia pana mwenyewe. Walipoitwa wakaingia wote wawili. Nesi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaandika bila kuinua macho.

"Mimba ya ngapi hii?"

"Ya pili."

"Ya kwanza ulijifungua salama?"

Chiriku akageuza kichwa. "Haya," alimwambia Dobi.

Dobi alikuwa ameyapanga maneno siku tatu, na yote yakayeyuka. "Ilitoka," alisema. "Nilimpa shubiri. Ule utomvu wa njano wa kwenye jani. Vijiko viwili. Alikuwa na tumbo limefunga. Sikumuuliza kama ana mimba."

Nesi akaweka kalamu chini, akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Na damu ilitoka baada ya muda gani?"

"Siku ya tatu."

"Wiki ngapi?"

"Kumi na moja," Chiriku alijibu.

Nesi akashusha pumzi. "Kitu kile mjamzito hapaswi kunywa, hilo halina mjadala. Ila mama, mimba changa hutoka kwa sababu nyingi, nyingine hata sisi hatuzijui. Pengine ni ile dawa. Pengine isingekaa hata asingegusa kitu. Siwezi kukuambia ni ipi, na sidhani kama yupo wa kukuambia."

Dobi alihisi kitu kinalegea kifuani, na papo hapo akakichukia.

"Usimpunguzie, nesi," Chiriku alisema.

"Simpunguzii. Nasema kilichopo."

"Na ndoo?"

"Ndoo gani?"

"Siku ya pili nilibeba ndoo ya maji hadi ghorofa ya tatu."

"Ndoo moja?" Nesi alikunja uso, kama aliyeulizwa jambo la ajabu. "Kubeba mizigo mizito kila siku hatushauri. Lakini ndoo moja ya maji, mama? Ingekuwa hivyo, nusu ya tuliomo humu tusingezaliwa."

Chiriku alifunika uso kwa mikono yote miwili. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyepigwa, mpaka mwanamke aliyekuwa mlangoni akachungulia. Mkono wa Dobi ukaondoka wenyewe kwenda kumshika bega, ukafika nusu ya njia, akaurudisha mapajani kwake akaukalia.

Nesi akangoja. Kisha akampa Chiriku kitambaa, akamweleza mambo ya maji na matunda na mboga za majani, na kwamba tumbo likikataa aje hapo, wanazo dawa salama, asinunue kitu chochote cha chupa sokoni. Akarudi kwenye kadi.

"Siku ya kujifungua utakuwa na nani? Mume?"

"Mume wangu akiona damu anaanguka yeye kwanza." Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Andika huyu."

Nesi akasita, kalamu ikiwa hewani. "Huyu?"

"Ndiyo. Hakuna mtu mwingine atakayeogopa kama yeye. Safari hii ataniuliza kila kitu."

Dobi hakuthubutu kumtazama. Nesi akaandika, akamgeukia.

"Namba yako ya simu, mama."

Dobi alifungua mdomo. Namba aliyoishi nayo miaka kumi ilikuwa imemtoka kichwani yote, hata mwanzo wake hakuupata. Chiriku akaitaja, tarakimu moja moja, anatazama ukuta, na nesi alipoirudia kwa sauti akasema ndiyo, ndiyo hiyo.